Gurudumu la Kokoto na Mkwe wa Fundi Kondo

Vijana wangu, mkiniona nimesimama mbele ya gereji zenu pale Visiga, fimbo mkononi, macho nimeyakodoa, msidhani bibi kapotea njia. Sijapotea. Nakaa Misugusugu, na njia hiyo naipita tangu magari yake yalipokuwa machache kiasi kwamba tuliwajua madereva kwa majina. Nasimama kwa sababu nimeona kitu kimening'inia juu ya kichwa cha mtu, na mimi siwezi kupita kitu kilichoning'inia bila kutazama kimefungwa na nini. Ni ugonjwa wa kazi. Walimu wastaafu husahihisha mabango ya barabarani, mimi nasahihisha mafundo.

Juzi niliwakuta wenzenu wameinua injini ya lori kwa kamba ya nailoni. Mmoja amelala chini yake anafungua nati, mwingine anampiga picha kwa simu. Nikamwambia aliyelala, "Mwanangu, toka hapo."

"Bibi, tulia," akasema huku anacheka. "Hii kamba ngangari."

Nikamuuliza kama kamba yenyewe ndiyo iliyomwambia hivyo. Alitoka, nadhani kwa heshima tu ya mvi zangu, kisha nikasikia wananiita bibi mnoko. Sikukasirika. Nimeitwa makubwa zaidi ya hayo na watu wakubwa zaidi yao. Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri, kwa sababu yule kijana alinikumbusha mtu niliyemwona amesimama mahali pabaya namna ile, naye hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa fundi bora kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Alikaribia kufa mbele ya macho yangu kwa sababu ya adabu yake njema. Nataka niwaambie habari zake kabla nami sijasahau.

Kwa wasionijua, naitwa Kalunde. Ni Mnyamwezi wa Tabora niliyeletwa Kibaha na ndoa, nikabakizwa na kazi. Nilifanya kazi katika karakana moja hapo Visiga, kando ya barabara ya Morogoro. Karakana hiyo sasa haipo. Pale pana duka la vigae na masinki. Zamani tulitengeneza pampu za maji, mashine za kupasulia mbao zilizotoka Kisarawe, mitambo ya kusaga kokoto na injini za kila namna. Niliingia kama karani wa stoo, kazi yangu ikiwa kugawa spana na kuhakikisha zinarudi. Lakini stoo ile ilitunza pia minyororo, kamba za waya, ndoano na kila kitu cha kuinulia, na kidogo kidogo nikawa mimi ndiye ninayeamua mnyororo upi utoke na upi usitoke. Mwishowe nikawa ndiye ninayesimama mbele ya mzigo na kutoa amri ya kupandisha na kushusha. Mafundi walinung'unika. Walisema ni rahisi kuposa kwa watu wakali kuliko kupewa mnyororo na Kalunde.

Aliyenifundisha yote hayo ni Fundi Kondo, Mzaramo wa Vihingo kule Kisarawe. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga Visiga, mwisho wa wiki akarudi kwa mkewe Vihingo. Yeye alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu ulianza asubuhi kabla ya chai. Mimi nilimwambia Mzaramo akisikia ngoma Maneromango huacha hata mwiko ndani ya sufuria. Yeye alinijibu kwamba sisi Wanyamwezi tumebeba mizigo kichwani kutoka Tabora hadi pwani vizazi na vizazi, ndiyo maana shingo zetu zimeingia mabegani, na kwamba karakana ilifanya vyema kumweka mpagazi kwenye kazi ya mizigo. Watu wa makabila mengine walidhani tunagombana. Tulipendana sana.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha, maana haya hayajapitwa na wakati hata kama sasa mna mashine za kuinulia zenye kubonyeza kitufe. Kondo alisema, kabla hujauliza mzigo unainukaje, uliza utaukalisha wapi. Panga mataruma yako chini kwanza, yale magogo ya reli, tena yapange sawasawa, ndipo uguse mnyororo. Mtu anayeinua bila kujua atakapoweka ataishia kusimama na mzigo hewani anatafuta magogo, na mzigo hauna subira.

Alisema pia, inua kiasi cha kiganja kupita chini yake, kisha simama. Usiwe na haraka hata kama mwenye mali anatazama saa. Mzigo ukiwa juu kwa kiasi cha kiganja utakuonyesha tabia yake yote: unalalia upande gani, kamba imekaa vibaya wapi, ndoano imeuma au imeshika kwa ncha. Ukiona kasoro, shusha, funga upya. Kushusha kutoka kimo cha kiganja hakumwaibishi mtu.

Kamba ya waya usiikague kwa mkono mtupu. Pitisha kitambaa. Kikinasa, ujue pana nyuzi zilizokatika, na afadhali zichane kitambaa kuliko kiganja chako. Mnyororo ulaze kando ya mwenzake mpya wenye pete zilezile kwa idadi. Ule uliorefuka umekwisha kuumia, hata kama unang'aa. Wala usiufunge fundo mnyororo ili uufupishe. Kuhusu kamba mbili zinazotoka kwenye ndoano moja, Kondo alinisimamisha katikati ya karakana akaniambia nipanue miguu, nizidi kupanua, nizidi tena, mpaka nikalalamika kuwa naumia. "Basi na kamba huumia hivyohivyo," akasema. "Usizipanue kupita kiasi." Mafundi wote walicheka, mimi nikiwa na sketi yangu ya ofisini, lakini sijasahau hadi leo.

Na mzigo ukiwa hewani, sauti ni moja. Mmoja tu ndiye anayesema panda, shuka, sogeza. Isipokuwa neno moja, "simama". Hilo ni la kila mtu, hata anayefagia, na likisemwa halibishaniwi.

Mvuta mnyororo wetu alikuwa Petro, Mlutheri mwenye sauti ya besi, mwimba kwaya asiyenyamaza. Tulikuwa na mashine ya minyororo iliyoning'inia kwenye boriti ya chuma juu ya karakana, tukiiita chenibloku. Unavuta mnyororo mmoja kwa mikono na mzigo unapanda taratibu kwenye mwingine. Petro alivuta kwa mapigo ya nyimbo zake. Siku moja tulikuwa tunaondoa mashine ya kuranda mbao. Petro kavuta, mnyororo umekaza, mashine haitikisiki. Kavuta tena, wimbo umepamba moto, na huku juu boriti imeanza kulia. Kondo akasema simama. Akapiga magoti, akakwangua grisi na unga wa mbao kwenye mguu mmoja wa mashine, akakuta nati moja haijafunguliwa. Ilikuwa imeshika sakafuni muda wote ule.

"Petro," akasema bila kuinua sauti, "ungeendelea ubeti mmoja zaidi ungetuinulia Visiga nzima."

Tangu siku ile Petro aliimba baada ya mzigo kutua, si kabla.

Basi karakana ilikuwa hivyo, na laiti ningeweza kurudi pale kwa asubuhi moja tu, nisikie harufu ya dizeli na vumbi la chuma, ningekwenda hata kwa miguu. Tulikuwa na raha. Kisha akaja Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane kutoka Vihingo aliyehamia Visiga kwa mdogo wake ili apate riziki. Alipika vitumbua ambavyo sijawahi kula mfano wake, na chai ya mdalasini. Uongozi ulimruhusu kuingia karakana kila asubuhi kutuuzia chai, na sote tulifurahi. Siku ya kwanza alipoingia, sinia kichwani, nilimwona Kondo akitupa tindo chini na kutoweka. Nilimkuta nyuma ya mapipa ya mafuta, amechutama, uso ameuelekeza ukutani.

"Umeona nyoka?" nikamuuliza.

"Mkwe wangu yule," akanong'ona. "Mama yake mke wangu. Ameshatoka?"

Ninyi wa siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmeshikana mabega, kwa hiyo labda hamtaelewa. Kwa Kondo, na kwa watu wa kwao wa rika lake, mama mkwe hakutazamwa usoni. Mkikutana njiani, mwanamume aliacha njia, akaingia majanini, akageuka mpaka mama apite, na mama naye alijivuta kanga usoni. Hawakutajana majina. Kula mbele yake ndiyo kabisa haikufikiriwa. Haikuwa chuki, bali ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na sababu yenyewe ni kwamba mama huyo amempa mtoto wake wa kumzaa. Kondo alimheshimu sana Bi Tatu. Alimpelekea kuni, alimwezekea nyumba, yote bila kumtazama.

Mwanzoni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi mkuu wa kuinua mizigo akisikia "Karibuni chai!" anaingia chini ya meza, anajificha nyuma ya mashine ya kukereza chuma, siku moja aliingia hata kwenye kabati la ovaroli. Petro alimpelekea chai yake huko mafichoni. Mimi kama mtani nilikuwa na haki ya kumtania kadiri nilivyotaka, nami niliitumia haki hiyo yote.

Kicheko changu kilikatika siku niliyoona amejificha nyuma ya pampu iliyokuwa bado kwenye ndoano. Haikuwa juu sana, na hakuna kilichotokea. Bi Tatu alipotoka nilimfuata Kondo.

"Fundi, wewe ndiye uliyenifundisha mtu asijibanze kati ya mzigo na ukuta."

"Najua, Kalunde."

"Sasa?"

"Sasa nifanyeje? Miguu inakwenda yenyewe. Tangu nioe inakwenda yenyewe. Nikimwona tu, nakuta nimeshageuka."

Nilimwendea Bi Tatu, nikamweleza. Alisikitika sana, akataka hata kuacha kuja. Nikamwambia hapana, wewe ni mjane na sisi tuna njaa, njoo tu saa ya mapumziko, wakati mizigo yote imetua. Tukakubaliana hivyo na ikawa salama kwa muda mrefu. Kondo alikuwa anakwenda zake uani kabla ya saa ya chai, Bi Tatu anauza, anaondoka, Kondo anarudi. Nilidhani nimelimaliza.

Kisha likaja gurudumu la kokoto. Lilitoka kwenye mtambo wa kusaga mawe. Lilikuwa gurudumu zito la chuma, kipenyo chake kimo cha mtu, lenye mikono ya ndani inayotoka katikati kwenda ukingoni. Tulikuwa tumelitengeneza, na sasa tulitaka kulisimamisha na kulirudisha kwenye mhimili wake, upande wa ndani kabisa wa karakana, karibu na ukuta. Tulipitisha kamba ya waya kwenye mikono ile, na pale kamba ilipogusa ukingo wa chuma tukaweka gunia lililokunjwa ili isikatwe. Kamba niliikagua mwenyewe na ilikuwa nzima.

Petro alikuwa kwenye mnyororo. Mimi nilisimama mahali panapoonekana na wote, nikitoa amri. Kondo alikuwa ameweka viganja wazi kwenye ukingo wa gurudumu, akilielekeza kwenye mhimili. Tulikuwa tumeshapita kimo cha kiganja na tumeridhika. Lilikuwa karibu usawa wa kiuno, likienda vizuri kabisa.

Asubuhi ile Bi Tatu alikuwa na msiba Kisarawe. Alitaka kuwahi mazishi, lakini hakutaka vitumbua vyake viharibike, kwa hiyo akaja mapema. Hakutujulisha, na sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Aliingia kwa mlango mkubwa, sinia kichwani, birika mkononi.

Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Nilichokiona ni uso wa Kondo. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakapanuka, na viganja vyake vikaondoka kwenye gurudumu. Hakufikiri. Alipiga hatua nyuma, akaingia kati ya gurudumu na ukuta, akageuka, akainua kola ya ovaroli usoni.

"Simama!" nikapiga kelele. Petro akasimama palepale, mnyororo ameushika kwa mikono miwili.

Lakini gurudumu, lilipokosa mtu wa kulielekeza, lilianza kujigeuza lenyewe polepole, na katika kugeuka kamba ilisogea, na gunia likachomoka, likaanguka sakafuni. Sasa waya ulikuwa umelala kwenye ukingo mtupu wa chuma wenye makali. Nikasikia sauti ambayo namwomba Mungu msije mkaisikia. Ni sauti ndogo, ta, kisha tena, ta. Ni nyuzi za waya zinakatika moja baada ya nyingine.

Kondo aliisikia pia. Aliijua kuliko sisi sote. Niliona mabega yake yakikakamaa. Upande wake wa kushoto palikuwa na rafu za vyuma, pamezibwa. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, upande wa kulia, na njia hiyo ilielekea moja kwa moja mlangoni, aliposimama Bi Tatu. Na Bi Tatu alikuwa uso wazi, maana mkono mmoja ulishika sinia na mwingine birika, hakuwa na mkono wa kuvutia kanga.

"Fundi, toka!" nikamwambia. "Toka, Kondo!"

Akaanza kutoka kiubavuubavu, akipapasa ukuta, hatua kwa hatua, uso bado ukutani. Mtu anakufa, na bado anamwonea haya mkwewe! Petro alianza kulia. Hakuweza kushusha, maana kushusha kungelitikisa, wala hakuweza kuachia.

Hapo ndipo Bi Tatu alipotupa sinia. Vitumbua vilitapakaa sakafuni, birika likalia likibingirika, na yule mama ambaye hakuwahi kulitamka jina la mwanamume yule tangu amwoze binti yake, akapaza sauti iliyofika barabarani.

"Kondo! Kondo, geuka! Nitazame! Njoo huku!"

Na akafungua mikono yote miwili.

Kondo akageuka. Nafikiri hakuna kingine duniani ambacho kingemgeuza, ila sauti ile ikilitaja jina lake. Alikimbia, akateleza kwenye chai, akamwangukia Bi Tatu mzimamzima, wakaenda chini wote wawili. Kamba ikakatika wakiwa bado wanaanguka. Gurudumu lilishuka, likapiga sakafu, likaegemea ukuta kwa nguvu zote, na matofali ya pale alipokuwa amesimama yakamwagikia nje uani. Vumbi lilipotulia tuliona jua likiingia kwa tundu lile.

Bi Tatu alikuwa amekaa chini, kanga imemtoka, amemshika Kondo kichwa kama mtoto mdogo, anamkagua masikio, anamkagua mikono. Kondo alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua na kuona yuko wapi, alijitoa mikononi mwake, akainuka, akatoka nje kwa mlango uleule, na hakurudi.

Hakurudi kesho yake wala wiki ile. Bi Tatu naye hakuja. Habari zilikuwa zimefika Vihingo kabla ya jua kuzama, na mnajua habari zinavyovaa nguo njiani. Zilipofika kule zilikuwa zinasema Kondo amemkumbatia mama mkwe wake hadharani mbele ya wanaume. Tulisikia kwamba kaka yake Bi Tatu, Mzee Mrisho, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, amekasirika, na kwamba Kondo amejifungia ndani akisema kazi ile hataigusa tena. Tulikuwa tumeponea chupuchupu kumpoteza kwa gurudumu, na sasa tunampoteza kwa aibu.

Nikamwambia Petro, "Vaa viatu. Mimi ni mtani, nina ruhusa ya kuingia popote palipoharibika."

Tulikwenda Vihingo. Tulikuta watu wamekaa, wazee upande mmoja, Kondo peke yake pembeni anachora chini kwa kijiti, Bi Tatu na binti yake upande wa wanawake. Nilipiga hodi kwa kelele, nikaingia bila kukaribishwa, kama watani wanavyofanya.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kuchukua mzigo wangu. Ni huyo hapo pembeni, mfupi, mpana. Sisi wapagazi hatuachi mzigo njiani."

Wachache walicheka, na nikaona Mzee Mrisho anajizuia. Alisema nikae, neno liko mbele yao. Alisema hawana ubaya na Kondo, wanajua ni bahati mbaya, lakini aibu imeingia na lazima isafishwe. Kondo atoe mbuzi na doti ya kanga kwa mkwewe, na Bi Tatu asikanyage tena mahali mkwewe anapofanyia kazi. Kondo aliitikia kwa kichwa. Angeitikia lolote.

Ndipo Bi Tatu alipoinuka. Alikuwa amejifunika uso kama inavyotakiwa, na sauti ilitoka ndani ya kanga, haikutetemeka.

"Kaka yangu, mnamtoza mbuzi kwa kuwa mzima? Angekufa pale, huyu mwanangu leo angekuwa ameketi eda, na ninyi mngekuwa mnakula pilau lake. Nilimwita kwa jina kwa sababu nilimwona anakufa kwa ajili yangu. Kwa ajili ya uso wangu huu! Heshima gani hiyo ya kumuua mtu? Kama ni aibu, ni yangu, nimeibeba, wala sioni uzito wake. Kanga nitapokea, maana zangu ziliharibika kwa chai."

Mzee Mrisho akacheka kwa sauti, na wote wakamfuata. Wakakubaliana, na neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, kwamba njiani na nyumbani mambo yabaki kama yalivyo, lakini ndani ya ule mlango wa karakana hakuna mkwe. Kuna fundi na kuna mama wa chai.

Kondo alirudi kazini. Gurudumu lilikuwa lilelile, limechubuka tu, na lilitusubiri. Tulifunga kamba mpya, na safari hii magunia tuliyafunga kwa waya mwembamba yasichomoke. Tangu siku ile sikumruhusu mtu ainue mzigo wenye gunia lisilofungwa, nanyi fanyeni hivyo. Tena Kondo alifunga kamba ndefu ukingoni mwa gurudumu, akalielekeza akiwa mbali nalo, na hakuna mtu aliyesimama upande wa ukuta. Nilimuuliza kama anataka kupumzika, akasema hapana.

Gurudumu lilipokuwa hewani, Bi Tatu akatokea mlangoni. Alisimama palepale nje ya kizingiti na sinia lake, hakuita chai. Kondo alimwona. Niliona miguu yake ikianza kwenda yenyewe, kisha ikasimama. Alimtazama usoni mama wa watu kwa utulivu, akaigeukia kazi yake, akaniambia, "Endelea, Kalunde." Tukashusha taratibu mpaka gurudumu likakaa kwenye mhimili wake, na Petro akaachia mnyororo.

Bi Tatu akaingia. Alimimina chai kwenye kikombe, akatupita wote tuliokuwa karibu, akaenda hadi kwa Kondo na kumpa kwa mikono miwili.

"Kunywa, fundi," akasema. "Itapoa."

Kondo alikipokea. Akakinywa pale pale mbele yake, chote, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Petro aligeuka akatazama lile tundu la ukutani. Mimi nililia waziwazi.